Herufi ya Mwanzo na Mitindo ya Maandishi katika Upangaji wa Kurasa

Msomaji afunguapo sura mpya ya kitabu kilichopangwa vema, jicho lake hutua kwanza juu ya herufi moja iliyo kubwa kuliko zote, iliyokalia mistari miwili au mitatu ya aya ya kwanza huku maneno yanayofuata yakijipanga ubavuni mwake. Na aghalabu hupita bila kuitafakari, kwa kuwa kazi ya herufi hiyo ni kumwelekeza mahali pa kuanzia wala si kumsimamisha aitazame. Hii ndiyo herufi ya kushuka, ambayo kichwa chake husimama sawa na kichwa cha mstari wa kwanza, na mguu wake hushuka hadi kukanyaga msingi wa mstari wa pili, wa tatu au wa nne. Programu za kupanga kurasa zitumikazo leo, ziwe za kulipia kama InDesign na QuarkXPress au za bure kama Scribus, humwezesha mtu kuiweka kwa kubofya mara moja au mbili; na wepesi huo ndio uliozaa matatizo ninayokusudia kuyachambua hapa, kwani jambo lililokuwa likifanywa na fundi aliyelisomea kwa miaka sasa lafanywa na kila mwenye kompyuta, na mara nyingi pasipo kuzijua kaida zake.

Rai yangu ni kwamba herufi ya kushuka si pambo la kubandikwa mwishoni, kazi ikiwa imekwisha, bali ni tawi la utaratibu mkubwa zaidi, ule wa mitindo ya maandishi, na mpangaji asiyeutawala utaratibu huo hawezi kuitawala herufi hiyo hata awe na jicho zuri namna gani. Juu ya hayo, Kiswahili kina tabia zake katika herufi na maneno, ilhali kaida nyingi zilizotujia pamoja na programu zilitungwa na watu waliokuwa wakipanga Kiingereza; kwa hiyo mpangaji wa kitabu cha Kiswahili ana wajibu wa kuzipima kaida hizo kabla ya kuzikubali.

Asili ya jambo hili ni kongwe kuliko uchapaji wenyewe. Waandishi wa hati za Kilatini walikuwa wakikuza herufi ya kwanza ya fasili karne nyingi kabla ya kuwapo matbaa, na kufikia mwaka 800 hivi, zama ilipoandikwa hati ya Injili ijulikanayo kwa jina la Book of Kells, herufi za mwanzo zilikuwa zimenawiri kwa nakshi hata nyingine zikatwaa takriban ukurasa mzima. Kazi iligawanywa baina ya watu: mmoja aliandika matini kwa wino mweusi akaacha nafasi tupu, kisha akaja mwingine mwenye wino mwekundu na wa buluu akazijaza nafasi hizo. Johannes Gutenberg, alipochapa mjini Mainz Biblia yake ya mistari 42, iliyokamilika kufikia mwaka 1455, alijaribu katika kurasa chache za mwanzo kuchapa vichwa kwa wino mwekundu, kisha akaliacha jaribio hilo, akachapa matini nyeusi peke yake na kuacha vichwa na herufi kuu viandikwe kwa mkono; na ili wenye wino mwekundu wasibahatishe, ikatolewa orodha iliyochapwa ya maneno waliyopaswa kuyaandika. Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Agosti 1457, Johann Fust na Peter Schöffer walitoa Zaburi ya Mainz, ambamo herufi kuu zenyewe zilichapwa kwa rangi mbili, nyekundu na buluu, na hapo kazi ya mkono ikaanza kuhamia kwenye mtambo.

Orodha ile ya Mainz inastahili kukumbukwa kuliko nakshi zote, maana ndani yake limo wazo ambalo programu za leo zimesimama juu yake: kwamba yale yanayoandikwa ni jambo moja, na sura yatakayoonekana nayo ni jambo jingine, na kwamba sura hiyo yaweza kuamriwa mahali pamoja kwa kanuni, kisha ikatekelezwa popote inapohitajiwa.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na njia yake ya kutambulisha mwanzo. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu hapakuwa na herufi kubwa na ndogo, kwa kuwa khati hiyo haina tofauti hiyo, na herufi nyingi hushikana na zinazozifuata, hata haiwezekani kuikuza moja na kuishusha bila ya kuitenga na neno lake. Mwanzo, basi, ulijulishwa kwa rangi, kwa nafasi na kwa nakshi. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, ilipambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Na Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyekuwa mshairi, mchongaji wa mbao na bingwa wa khati, aliacha hati za tenzi ambazo baadhi yake zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS mjini London, na ndani yake nakshi na wino wa rangi hushika kazi ambayo Wazungu waliipa herufi kuu. Herufi kubwa ya Kilatini ilitufikia kwa matbaa za misheni, kama ile ya Unguja alikofika mmisionari Edward Steere mwaka 1864, na ilipoundwa Kamati ya Lugha mwaka 1930 ili kusanifisha maandishi, hati ya Kilatini ilikuwa imekwisha kushika vitabu vya shule na magazeti. Hivyo urithi wetu ni wa njia mbili, na nitaonyesha mbele kwamba hata ile ya kwanza haijafa ndani ya kompyuta.

Zama za kompyuta katika sanaa hii huhesabiwa tangu mwaka 1985, Paul Brainerd na kampuni yake ya Aldus, huko Seattle, walipotoa programu ya PageMaker, iliyofanya kazi bega kwa bega na mashine ya kuchapia ya Apple iitwayo LaserWriter na lugha ya PostScript ya Adobe. Kampuni hiyo ilijiita kwa jina la Aldus Manutius, mchapaji wa Venice ambaye mwaka 1501 alitoa kitabu cha kwanza kilichopangwa chote kwa herufi za mlazo, zilizochongwa na Francesco Griffo. Na kwa jina hilo wenye programu walitangaza kwamba walikusudia kuurithi ufundi, si kuufuta. Hata hivyo herufi ya kushuka iliwashinda kwa muda mrefu. Katika PageMaker haikuwa sifa ya aya, bali ilikuwa hila iliyotekelezwa na nyongeza ya programu: herufi ya kwanza ilikuzwa na kuteremshwa chini ya mstari, kisha tabo na mikato ya mistari ikatiwa kwa siri ili maneno yaikwepe. Ukurasa ulipendeza muda wote ambao hakuna aliyeugusa; mhariri akiongeza neno moja katika mstari wa pili, mikato ile ilibaki ilipokuwa, na aya ikavurugika. Adobe iliinunua Aldus mwaka 1994, na ilipotoa InDesign mwaka 1999, herufi ya kushuka ilikuwa imewekwa mahali pake halali, yaani ndani ya sifa za aya, ambapo programu huipanga upya yenyewe kila matini inapobadilika. Hila ile ya zamani, walakini, ingali hai mikononi mwa watu, na kila siku huonekana wapangaji wanaochora kisanduku kidogo, wakatia ndani yake herufi moja kubwa, wakakisogeza kwa kipanya hadi jicho liridhike.

Ili iwe dhahiri kwa nini jicho peke yake halitoshi, tuitazame hesabu iliyo nyuma ya herufi moja. Tuseme matini imepangwa kwa ukubwa wa pointi 11, na toka msingi wa mstari mmoja hadi msingi wa mstari unaofuata ni pointi 14. Na tuseme fonti iliyochaguliwa ina herufi kubwa zenye kimo cha asilimia 70 ya ukubwa wake. Herufi ya kushuka ya mistari mitatu yapasa kuanzia kichwani mwa herufi kubwa za mstari wa kwanza hadi msingi wa mstari wa tatu: hizo ni pointi 28 za mistari miwili, na pointi 7.7 za kimo cha herufi katika mstari wa kwanza, jumla pointi 35.7. Ili herufi iwe na kimo hicho, fonti yake sharti iwekwe ukubwa wa pointi 51. Sasa mchapishaji, kwa kuhofia gharama ya karatasi, aamue mistari isogeleane hadi pointi 13. Mara moja kimo kinachotakiwa huwa pointi 33.7, na ukubwa wa herufi hushuka hadi pointi 48 na ziada kidogo. Aliyeitengeneza herufi kwa mkono, katika kitabu chenye sura 30, atakuwa na herufi 30 zinazochomoza juu ya mistari yake, na itampasa aziendee moja baada ya moja. Aliyeiamuru kwa mtindo hana la kufanya, kwa sababu programu imekwisha kuipiga hesabu hiyo kabla hajainua mkono wake.

Mitindo yenyewe, katika programu hizi, ni ya namna mbili zilizo kuu. Mtindo wa aya hutawala aya nzima: fonti, ukubwa, nafasi baina ya mistari, ujongezi, ulinganifu wa pambizo, lugha, na pia idadi ya mistari ambayo herufi ya kwanza itashuka. Mtindo wa herufi hutawala kipande kilicho ndani ya aya, kama vile jina la kitabu litakalowekwa katika herufi za mlazo, au neno litakalokozwa. Na huo hautakiwi kutaja kila kitu, bali kile tu kinachotofautiana na aya inayoubeba. Mtindo mmoja waweza kujengwa juu ya mwingine, ukarithi sifa zake zote isipokuwa zile ulizozibadili. Kitabu cha kawaida cha hadithi chaweza kutosheka na mitindo michache: kichwa cha sura, aya ya kwanza, aya ya kawaida, nukuu ndefu, ubeti, na nambari ya ukurasa. Aya ya kwanza hujengwa juu ya aya ya kawaida, ikaondolewa ujongezi na kuongezewa herufi ya kushuka; na siku mchapishaji abadilipo fonti ya aya ya kawaida, aya ya kwanza ya kila sura huifuata bila kuambiwa.

Ndani ya InDesign, mtu anaposimamisha mshale katika aya aliyoibadili kwa mkono, jina la mtindo katika dirisha la mitindo huonekana likifuatwa na alama ya kujumlisha. Alama hiyo ndogo ni shahidi: yasema kwamba aya hii imekengeuka kanuni yake. Nimeona mafaili ya vitabu ambamo alama hiyo imo katika kila ukurasa, maana mpangaji aliutumia mtindo kama mahali pa kuanzia tu, kisha akaendelea kwa mkono kama mwashi aliyetundika timazi akajenga bila kulitazama. Faili la namna hiyo halirekebishiki, hupangwa upya. Na gharama ya kulipanga upya, wachapishaji wetu wengi, wenye fedha kidogo, hawaimudu, ndiyo sababu toleo la pili la kitabu hutoka na makosa yale yale ya toleo la kwanza.

Nafika sasa penye kiini cha jambo kwa sisi tunaopanga Kiswahili. Miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Kiingereza huonya sana juu ya herufi zenye mkia ushukao chini ya msingi, hasa Q, ambayo mkia wake huugonga mstari ulio chini. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haina Q wala X, na katika herufi zetu kubwa ni J peke yake ambayo, katika baadhi ya fonti, huteremka chini ya msingi. Kwa hiyo onyo hilo latuhusu pale tu sura inapoanza kwa Jioni, Jua au Juma, na dawa yake ni kuchagua fonti ambayo J yake husimama msingini, au kuiambia programu iipunguze herufi kwa ajili ya mkia. Shida zetu zipo kwingine. Hadithi nyingi za Kiswahili huanza kwa kitenzi, na kitenzi huanza kwa kiambishi: Alikuwa, Ilikuwa, Walipofika, Palitokea. Herufi I, ikikuzwa hadi mistari mitatu katika fonti isiyo na vikono, huwa mstari mtupu uliosimama, nayo yaweza kusomwa kuwa nambari 1 au isisomwe kabisa. Herufi A ina mlima ulioinamia kushoto, na kati ya kilele chake na maneno ya mstari wa kwanza hubaki pengo la pembetatu, hata Alikuwa ikaonekana kama herufi moja na neno jingine liitwalo likuwa. Mpangaji akiyavuta maneno ili kuliziba pengo hilo, mistari yote iliyo kando ya herufi huvutwa pamoja, na ule wa tatu huugonga mguu wa A. Herufi L, katika Lakini na Licha, ina pengo hilo hilo, na kwa sababu mguu wake ni mrefu, haivutiki hata kidogo. Dawa iliyo bora kwa herufi hizi ni kuliandika neno la kwanza lote kwa herufi kubwa ndogo, yaani herufi zenye umbo la kubwa na kimo cha ndogo, ili jicho lilifunge neno hilo na herufi yake ya mwanzo licha ya pengo.

Na hapa pia tusiige tu. Kaida ya Kiingereza hupenda kuandika maneno matatu au manne ya mwanzo kwa herufi hizo, au mstari wa kwanza mzima, kwa kuwa maneno yake ni mafupi. Katika Kiswahili neno moja kama Walipomwendea hubeba mtenda, wakati na mtendwa, na huchukua sehemu kubwa ya mstari. Neno moja latosha kabisa. InDesign, tangu toleo lake la mwaka 2003, ina mitindo ya kutagwa ndani ya mtindo wa aya, ambayo huamuru kwamba mtindo fulani wa herufi utumike tangu mwanzo wa aya hadi mwisho wa neno la kwanza, kisha ukome; na kwa amri hiyo moja kila sura hupata neno lake bila mpangaji kulichagua kwa kipanya.

Mtihani mkubwa kuliko yote ni sauti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja. Sura ianze kwa neno Ng'ombe. Programu, kwa kuwa imeambiwa ishushe herufi moja, huishusha N, na kuacha g' na ombe vikining'inia kando. Lakini hizo tatu, N na g na kibainishi, ni sauti moja, na hakuna mtoto wa shule ya msingi anayezisoma mbalimbali. Vivyo hivyo C, ambayo katika Kiswahili haina sauti pasipo h, ikishushwa peke yake katika Chakula husimama kama herufi isiyosomeka. Waholanzi walilidai jambo hili mapema, hata kanuni za CSS, zinazotawala sura ya kurasa za intaneti, zikaitaja ij yao kuwa mfano wa herufi mbili zinazopaswa kuchukuliwa pamoja mwanzoni mwa neno. Sisi hatujadai, wala hatuna haja ya kungoja, kwa sababu programu za kupanga vitabu zina kisanduku cha kujaza idadi ya herufi zitakazoshuka. Kwa Chakula mpangaji atajaza 2, na kwa Ng'ombe atajaza 3. Kuhusu sh, ny, th na nyinginezo, naona hakuna ubaya kuziacha S, N na T zishuke peke yake, maana kila moja yao ni herufi kamili ya Kiswahili na jicho huikubali. Ila ch na ng' hazivumilii kukatwa.

Lakini idadi peke yake haimalizi kazi. Ng' ikishuka kama ilivyoandikwa, g yake ndogo ina mkia, na katika ukubwa wa pointi 51 mkia huo hushuka pointi 10 au zaidi chini ya msingi wa mstari wa tatu, ukaingia katikati ya maneno ya mstari wa nne. Sharti, basi, pawepo mtindo wa herufi unaoigeuza kuwa NG' yote kubwa, nao uambatishwe kwenye herufi ya kushuka ndani ya mtindo wa aya. Kisha hujitokeza upana: N na G na kibainishi katika ukubwa huo huchukua pointi 85 hivi, ambazo katika kitabu chenye mstari wa pointi 320 ni zaidi ya robo, na katika safu ya gazeti yenye pointi 150 ni zaidi ya nusu, hata maneno yaliyobaki kando yakakosa pumzi. Kwa safu nyembamba herufi ishushwe mistari miwili badala ya mitatu, na kwa hesabu ile ile ya juu herufi itakuwa pointi 31, na upana wake utapungua kwa kadiri hiyo. Haya yote hayafanywi kwa mkono. Hutungwa mtindo mdogo uliojengwa juu ya ule wa aya ya kwanza, ukapewa jina lake, ukabadili mambo mawili au matatu tu, na kila sura inayoanza kwa ng' ikapewa mtindo huo. Na hivyo hivyo kwa sura inayoanza kwa mazungumzo, ambapo alama ya kufungulia usemi na herufi inayoifuata huhesabiwa kuwa mbili.

Katika ushairi nina shaka kubwa zaidi. Ubeti wa utenzi una mishororo minne yenye mizani nane kila mmoja, na uzuri wake kwenye karatasi ni kwamba vina husimama vikitazamana; herufi ya kushuka huisukuma mishororo miwili au mitatu kuelekea kulia na kuuacha ule wa mwisho nyuma, na umbo la ubeti likaharibika. Kuna hatari nyingine iliyo ya kiufundi: wachapaji wengi wa miswada hubonyeza kitufe cha Enter mwishoni mwa kila mshororo, na kwa programu kila mshororo huo ni aya kamili; herufi ikiamriwa kushuka mistari mitatu ndani ya aya yenye mstari mmoja, haipati mahali pa kushukia, nayo hulala juu ya mshororo unaofuata. Ubeti mzima lazima uwe aya moja, na mishororo igawanywe kwa mkato wa mstari usioanzisha aya, unaopatikana kwa kubonyeza Shift pamoja na Enter. Mimi ningependa tenzi ziachwe bila herufi ya kushuka kabisa, isipokuwa ubeti wa kwanza wa utenzi wote, na hapo herufi itolewe nje ya pambizo ya matini ili mishororo yote minne isimame mahali pake.

Kwa wale wanaochapa tena tenzi za zamani katika herufi za Kiarabu, jambo walilolifanya waandishi wa Siyu na Lamu lingali linawezekana, na kwa wepesi usiokuwapo zamani. Neno la kwanza, au ile Bismillahi itanguliayo, huamriwa kwa mtindo wa kutagwa liwe jekundu hadi mwisho wa neno au wa alama fulani, na herufi za neno hubaki zimeshikana kama khati inavyotaka. Kumshauri mtu akuze herufi moja ya Kiarabu na kuishusha, kwa kuwa programu inaruhusu, ni kumshauri avunje neno.

Kuna sifa moja ya mtindo isiyoonekana kwa macho, na kwa hiyo husahauliwa kuliko zote, nayo ni lugha. Kila mtindo wa aya hubeba jina la lugha ambayo kwa kanuni zake maneno hukatwa mwishoni mwa mstari, na faili linapoundwa, aghalabu lugha hiyo huwa Kiingereza. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na kitabu hukatwa ki-ta-bu. Programu inayokata kwa kanuni za Kiingereza huweza kukata baada ya konsonanti, na msomaji akakutana na silabi isiyokuwapo katika kinywa cha Mswahili yeyote. Kando ya herufi ya kushuka dosari hii huzidi, maana mistari imefupishwa na maneno yetu ni marefu: ama hukatwa vibaya, ama yasipokatwa huachwa mapengo makubwa baina yao ili mstari ufike pambizoni. Katika aya ya kwanza ya sura, iliyo ya kwanza kusomwa, mapengo hayo huonekana kuliko popote. Ikiwa programu haina kanuni za Kiswahili, ni heri mpangaji aondoe amri ya kukata maneno katika mtindo huo, akate kwa mkono pale penye dharura tu, na aulinganishe upande wa kushoto pekee kwa magazeti yenye safu nyembamba.

Vitabu vya kielektroniki vimeongeza sababu nyingine ya kuifuata njia ya mitindo. Herufi iliyotiwa katika kisanduku chake haimo tena ndani ya neno. Msomaji akitafuta Palitokea katika faili hatalipata, kwa kuwa lililomo ni alitokea, na P imekaa peke yake mahali pengine. Na kipofu anayesomewa na kompyuta atasikia neno lililokatwa kichwa. Alitokea, kwa bahati mbaya, ni neno halali la Kiswahili lenye maana yake, na msomaji huyo hatajua kwamba amepotezwa. Herufi iliyoshushwa kwa sifa ya aya hubaki ndani ya neno lake, na neno hubaki zima.

Nikiulizwa ni wapi herufi ya kushuka itumike, nitajibu kwamba mwanzoni mwa sura, na katika makala ndefu ya jarida mwanzoni mwake, basi. Kuna magazeti yanayoitawanya katikati ya makala kila baada ya aya chache ili kuvunja weusi wa safu, na matokeo yake ni kwamba msomaji huona mianzo mitano mahali penye mwanzo mmoja, hata asijue habari inaanzia wapi. Vichwa vidogo vingefanya kazi hiyo kwa uaminifu zaidi. Katika vitabu vya shule za msingi vya madarasa ya chini ningeiondoa kabisa, kwa kuwa mtoto anayejifunza kuunganisha silabi hahitaji kuona silabi ya kwanza imekatwa vipande viwili kwa tofauti ya ukubwa. Mistari mitatu yatosha kwa kitabu, miwili kwa safu. Na fonti ya herufi hiyo iwe ile ile ya matini au ya kichwa cha sura, wala isiletwe ya tatu.

Nawaomba waandishi, ambao miswada yao ndiyo chanzo cha haya yote, wasijaribu kuipamba wenyewe kabla ya kuipeleka kwa mchapishaji: wasibonyeze Enter mara mbili baina ya aya, wasijongeze kwa nafasi tano tano, wasikuze herufi ya kwanza, bali waandike kila aya kwa mtindo wake katika programu wanayoitumia, na wataje kwa maandishi ni wapi sura inaanza, ni wapi pana ubeti, na ni wapi pana nukuu. Na wachapishaji nao, kabla ya kupanga ukurasa wa kwanza, waitunge orodha ya mitindo ya kitabu, waitie NG' na CH ndani yake, waweke jina la lugha kuwa Kiswahili pale programu inapolitambua, na waihifadhi orodha hiyo pamoja na faili, ili atakayepanga toleo la pili aikute.